Kadi imekubali, mwenye kadi je?

Leo naomba tuwaweke pembeni wapenzi na visa vyao, tuzungumze noti. Maana siku hizi kila kona ya mji kuna kijana anauza kitu mtandaoni. Huyu vikoi, yule makubazi ya shanga, mwingine anapeleka watalii Serengeti. Ukishapata wateja wa nje, utaambiwa upokee malipo ya kadi. Hapo ndipo penye shughuli, na hapo ndipo watu wanapolizwa ile mbaya.

Nina dada mmoja jirani yangu huku Magomeni, anashona mikoba ya kitenge. Akapata oda ya mikoba 40 kutoka ng'ambo. Mteja akalipa kwa kadi, jibu likaja: malipo yamekubaliwa. Dada wa watu akakesha na fundi wake, mzigo ukaondoka. Miezi miwili baadaye fedha zile zikachomolewa zote kwenye akaunti yake, na ada ya usumbufu juu. Mikoba ndiyo imekwenda, fedha ndiyo hizo, na fundi alishalipwa zamani. Kumbe aliyelipa hakuwa mwenye kadi.

"Sasa mdogo wangu, si walisema imekubaliwa?" aliniuliza huku machozi yanamlengalenga.

Swali zuri, na wengi wanaouza mtandaoni hawajui jibu lake. Neno "imekubaliwa" lina maana ndogo sana. Benki iliyotoa kadi inasema kadi ipo, haijafungwa na fedha zipo. Haikuapii kwamba anayeandika namba ndiye mwenye mali. Dukani mtu anakuja na kadi yake mkononi, anaichomeka kwenye mashine, anabonyeza namba ya siri. Mtandaoni wewe unaona namba tu, na namba zinaibwa na kuuzwa kama nyanya sokoni.

Mwenye kadi akiona makato asiyoyajua, analalamika benki kwake. Kwa kadi za Visa na Mastercard, muda wa kulalamika kwa kawaida unafika siku 120. Akisikilizwa anarudishiwa chake, na fedha hizo zinatoka kwako wewe uliyeuza. Kwa hiyo ukiona fedha imeingia leo, usidhani imelala. Bado imesimama mlangoni.

Ndiyo maana kampuni zinazowapokelea wafanyabiashara malipo zinapima hatari kabla ya kupitisha. Wanapimaje? Kwanza zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi, ambazo kwa American Express ni nne na ziko mbele. Kanuni za kadi zinakataza duka kuzihifadhi baada ya malipo kupita, ili mwizi akivunja kumbukumbu za duka asizikute.

Pili ni anwani. Namba ya nyumba na ya posta aliyoandika mteja inalinganishwa na ile iliyoko benki kwake. Hiki kipimo kinafanya kazi zaidi Marekani, Kanada na Uingereza. Sisi wenzangu na mie tunaoelekezana "kata kulia kwenye mwembe", hapo hatumo.

Tatu, mtambo unaangalia mambo mengi kwa mpigo. Tarakimu za mwanzo za kadi zinaonyesha benki iliyoitoa, basi unaijua nchi yake. Simu au kompyuta inayolipa iko wapi? Mzigo unakwenda wapi? Je, kifaa hicho hicho kimejaribu kadi tano ndani ya dakika kumi? Halafu unatoa alama. Mfano ni kampuni ya Stripe ya Marekani, ambayo mtambo wake wa Radar ulianza mwaka 2016. Alama zake zinaanzia 0 hadi 99, na kwa mpangilio wa kawaida anayefika 75 anazuiwa.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Alama siyo hukumu. Ni makisio tu, kama wingu jeusi: mvua inaweza kunyesha, inaweza isinyeshe. Chukua mzee wa Kitanzania anayeishi Muscat, yuko likizo Tanga, anamnunulia mama yake zawadi kwa kadi yake ya Omani. Mtambo unaona kadi ya nchi moja na simu iko nchi nyingine, unamtilia shaka. Wakati huo tapeli mwenye kadi ya wizi iliyokamilika kila kitu anaweza kupita na alama ndogo kabisa. Ukimfukuza kila mwenye alama kubwa unapoteza wateja waungwana. Ukimkaribisha kila mwenye alama ndogo, utapigwa changa la macho.

Ngao nzuri ni ule utaratibu wa benki kumuuliza mwenye kadi mwenyewe, kwa namba ya siri ya mara moja kwenye simu yake au kwa kuthibitisha ndani ya programu ya benki. Visa waliuanzisha mwaka 2001, na umeboreshwa sana tangu hapo. Uzuri wake ni huu: mteja akishathibitishwa hivyo, kwa kawaida hasara ya kadi ya wizi inahamia kwa benki iliyotoa kadi. Lakini usivimbe kichwa. Usipopeleka mzigo, au ukipeleka kitu kibovu, lawama bado ni zako. Waulize wanaokupokelea malipo kama utaratibu huo umewashwa kwenye duka lako.

Mtambo ukimaliza kazi yake, na wewe tumia macho. Mteja mpya anayeagiza vingi bila hata kuuliza rangi, mtilie shaka. Anayekukimbiza utume leo leo, mtilie shaka. Kadi ya kwanza ikikataa, akaleta ya pili na ya tatu zenye majina tofauti, hapo hata usijiulize.

Na nyie wenye hoteli na safari za watalii, kuna mchezo wenu maalumu. Mgeni anataka kuleta kundi kubwa, anaomba akulipe zaidi kwa kadi, halafu ile ziada umtumie "wakala wake" kwa fedha taslimu. Wakala ni yeye mwenyewe! Kadi ikilalamikiwa, unarudisha zote, na ile uliyomtumia huioni tena.

Ukiwa na wasiwasi, zuia mzigo na uulize maswali ya kawaida. Muungwana atajibu, maana na yeye anataka mali yake salama. Usimwombe picha ya nyuma ya kadi, hiyo ni hatari kwake na kwako. Majibu yakiyumba, rudisha fedha kwenye kadi ile ile iliyolipa, kabla hujatuma kitu. Na kila unachotuma, tunza risiti na ujumbe wenu wote, siku ya ubishi ndiyo mashahidi wako.

Najua mtu utasema, "Biashara yenyewe ngumu, nianze tena kumchunguza mteja?" Ndiyo, mchunguze, tena kwa adabu. Oda uliyoikataa inauma siku moja. Uliyoipokea kwa pupa inaweza kuondoka na mtaji mzima.

Wiki ijayo tunarudi kwa wapenzi wetu, panapo majaliwa. Mwenye duka mtandaoni, usiku wa leo pitia oda zako kabla hujalala. Kwaherini.