Upekuzi wa polisi Kwale: Tumwamini mwandishi yupi?

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Msambweni, aliniletea hivi majuzi insha ndefu kuhusu upekuzi wa polisi na haki za raia katika Kaunti ya Kwale. Ilikuwa insha iliyopangika vyema, na tanbihi zake zilijaa kurasa mbili. Mwalimu wa lugha ana tabia ya kuanza kusoma kutoka nyuma, nami nikazianza hizo tanbihi. Zaidi ya nusu zilitoka kwa wanasheria wa Marekani. Mbili tu ndizo zilizomfikisha msomaji kusini mwa kivuko cha Likoni. Na katikati ya insha, kijana ametamka kwa uhakika mkubwa kwamba ushahidi uliopatikana kwa upekuzi usio halali haupokelewi kamwe mahakamani.

Nilimwuliza, "Haupokelewi wapi?" Akanyamaza.

Simlaumu. Walimu wenzangu watakubali kwamba tumewafundisha vijana kuhesabu marejeleo kuliko kuyapima. Kijana amepata kitabu kilichochapishwa na chuo kikuu mashuhuri, chenye jalada gumu na mwandishi mwenye shahada tatu, akadhani ameshika ukweli wenyewe. Kitabu hicho kilikuwa sahihi kabisa kuhusu Marekani, ambako Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1961, katika kesi ya Mapp, kwamba hata mahakama za majimbo haziruhusiwi kupokea vitu vilivyotwaliwa kinyume cha katiba. Lakini Msambweni si Ohio.

Historia yetu sisi ilipita njia nyingine, na ajabu ni kwamba njia hiyo ilianzia hapa hapa Kenya kabla ya kuenea katika makoloni mengine. Wakati wa Hali ya Hatari, mtu aitwaye Kuruma mwana wa Kaniu alisimamishwa njiani akiwa na baiskeli yake, akapekuliwa na polisi ambao, kwa kanuni za wakati ule, hawakuwa na cheo cha kumpekua mtu bila hati. Wakasema wamempata na risasi mbili na kisu kidogo cha mfukoni. Kisu hicho hakikuletwa mahakamani. Kuruma akahukumiwa kifo. Rufani yake ilifika Privy Council kule London, iliyokuwa mahakama ya mwisho ya makoloni, na katika hukumu iliyomo kwenye taarifa za sheria za mwaka 1955, Lord Goddard alieleza kwamba jambo la kutazamwa ni kama ushahidi unahusiana na shauri lililoko mbele ya mahakama. Namna ulivyopatikana si hoja. Aliacha mwanya mdogo tu, kwamba hakimu anaweza kuukataa ushahidi iwapo kuupokea kungemdhulumu mshtakiwa.

Hukumu hiyo ilinukuliwa na mahakimu kwa miongo mingi, katika nchi ambazo wasomaji wake hawakujua Kiambu iko wapi. Kwa hiyo mtu anayesoma hukumu za Kenya za miaka ya 1970 au 1980 kuhusu upekuzi anasoma, kwa kiasi kikubwa, mwangwi wa kesi ya Kuruma. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ndiyo iliyobadilisha mambo. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutopekuliwa mwili wake, nyumba yake au mali yake. Kifungu cha 50, sehemu ya 4, chasema ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki hizo utaondolewa iwapo kuupokea kungeifanya kesi isiwe ya haki au kungedhuru uendeshaji wa haki kwa namna nyingine. Hilo neno "iwapo" ndilo lililompita mwanafunzi wangu. Katiba yetu haikufuata Marekani moja kwa moja, wala haikubaki na Lord Goddard. Imempa hakimu mizani mkononi.

Ndiyo sababu swali la kwanza ninalotaka vijana waliulize kila chanzo ni la mwaka. Kitabu cha Yash Pal Ghai na Patrick McAuslan, Public Law and Political Change in Kenya, kilichotoka mwaka 1970, bado ni msingi kwa yeyote anayetaka kujua jinsi dola ya kikoloni ilivyorithiwa. Hata hivyo hakiwezi kutwambia chochote juu ya kifungu cha 31, kwa kuwa hakikuwapo. Ukiona makala yanataja kifungu cha 76 kama ngao ya raia dhidi ya upekuzi, fahamu kwamba yanazungumzia katiba iliyozikwa mwaka 2010. Yaweza kuwa makala mazuri mno ya historia. Si sheria ya leo.

Tukija kwenye Kwale yenyewe, mambo yanakuwa mazito zaidi. Itakumbukwa kuwa usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua maafisa na kupora bunduki. Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 100 na kuwafanya maelfu, hasa wale walioitwa watu wa bara, wayahame makazi yao. Kisha vyombo vya usalama viliingia vijijini kuwasaka wavamizi na bunduki, na Wadigo wengi wakajikuta wakivunjiwa milango kwa kosa la kuwa Wadigo. Nani ametuandikia hayo?

Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoteuliwa mwaka 1998, iliwasikiliza mashahidi kwa kiapo, na mawakili wakawahoji. Hiyo ni nguvu ambayo mtafiti wa kawaida hana. Lakini kiini cha kazi yake kilikuwa chanzo cha mapigano na jinsi serikali ilivyoyakabili, na ripoti yake, iliyowasilishwa mwaka 1999, haikuwekwa hadharani mpaka Oktoba 2002. Ripoti ya Human Rights Watch ya Mei 2002 ilikwenda mbali zaidi katika kueleza vipigo, uporaji na ukamataji ovyo wakati wa msako, na wahojiwa wake ni pamoja na vijana walioshiriki uvamizi. Shirika hilo lina msimamo, wala halifichi. Ni kosa kuitupa ripoti kwa sababu mwandishi wake ni mwanaharakati, kama ilivyo kosa kuimeza ripoti ya serikali kwa sababu ina nembo. Cha kutazama ni mbinu: nani alihojiwa, baada ya muda gani, mbele ya nani.

Hapa naomba niongeze onyo la kimajina. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, iliyochapisha ripoti kuhusu kaya na umwagaji damu mwaka 1997, ni shirika la kiraia. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ni chombo cha dola. Neno moja tu ndilo linalozitenganisha, na nimeona insha zinazozichanganya ukurasa mzima. Vivyo hivyo kuna mtego wa nambari. Ripoti ya Tume ya Kitaifa ya Septemba 2015 kuhusu vita dhidi ya ugaidi ilitaja watu 81 waliotoweshwa, katika sehemu mbalimbali za nchi. Ripoti ya shirika la HAKI Africa la Mombasa, iliyotoka Desemba 2016, nayo inataja 81. Lakini hawa ni jumla ya waliouawa na waliotoweshwa Pwani peke yake, kuanzia 2012. Nambari ni ile ile, maana mbalimbali. Mwanafunzi mwenye haraka atasema vyanzo viwili vimethibitishana, kumbe havikuwa vikihesabu watu wale wale.

Sasa niruhusiwe kuingia katika uwanja wangu. Wanasheria wanaandika juu ya upekuzi. Watu wa Ukunda na Diani wanasimulia juu ya msako. Maneno haya si pacha. Upekuzi una mahali, una kitu kinachotafutwa, na una karatasi: hati ya hakimu chini ya kifungu cha 118 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, ambayo hutekelezwa kati ya kucha na kuchwa isipokuwa mahakama iruhusu saa nyingine. Hata pale polisi anaporuhusiwa kuingia bila hati kwa kuwa kuchelewa kungeharibu uchunguzi, kifungu cha 60 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 chamtaka aandike kwanza sababu zake. Msako hauna mlango wake maalumu, unafagia mtaa. Msomi anayehoji wanavijiji kuhusu msako, kisha akaandika kwa Kiingereza neno la upekuzi, amekwisha kuvipa vitendo hivyo sura ya kisheria ambayo havikuwa nayo.

Kuna na suala la ridhaa. Upekuzi ulioridhiwa na mwenye nyumba hauhitaji hati, na hapo ndipo wanaisimu wanapokuwa na la kusema. Lawrence Solan na Peter Tiersma, katika Speaking of Crime cha mwaka 2005, wanachambua kesi ya Marekani ya Bustamonte ya mwaka 1973. Polisi aliuliza tu kama buti la gari linafunguka. Mtu akachukua ufunguo akalifungua. Kisarufi lilikuwa swali. Kimatumizi lilikuwa amri, kwa maana aliyeliuliza alikuwa na sare na silaha. Hiki ni chanzo cha kigeni kinachotufaa kweli kweli, kwa kuwa kinatupa njia ya kuuliza na hakitulazimishi sheria ya kwao. Kwetu Pwani anayebisha husema hodi, akirudia hadi mara tatu, na asipojibiwa huondoka. Waislamu wanalo jambo hilo katika Surat an-Nur. Karibu ndiyo ridhaa yenyewe. Je, askari aliyegonga saa tisa za usiku alisema nini? "Tunaweza kuingia?" au "Fungua"? Kwa Kiswahili, au kwa lugha ambayo ajuza wa Kidigo haielewi? Kifungu cha 49 kinamtaka polisi amweleze anayekamatwa sababu kwa lugha anayoifahamu. Kifungu cha 31 hakitaji lugha. Pengo hilo sijaliona likijadiliwa katika tanbihi hata moja ya insha ile.

Nilimrudishia kijana kazi yake bila alama. Alikwenda kwao wakati wa likizo, akaketi na nyanya yake, akarudi na kurasa tatu za yale aliyoyasikia ajuza huyo mlangoni Agosti 1997. Ameyaandika kwa Kiswahili sanifu, yamenyooka kama taarifa ya habari. Nimemwomba ayaandike upya kwa Kidigo kama yalivyosemwa, pamoja na maneno ya askari kwa lugha waliyoitumia wao, kisha tafsiri ije chini yake. Naye amenijibu, kwa adabu, kwamba hajui atayawekea tanbihi gani.