Cheti cha Udongo Kisomwe na Mwenye Shamba

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Shamba ni mali, na daftari lake ni cheti cha vipimo vya udongo. Lakini daftari lina faida gani iwapo mwenye mali hawezi kulisoma?

Maafisa wa kilimo wamekuwa wakiwahimiza wakulima wapime udongo kabla ya kununua mbolea. Ushauri huo ni wa busara. Kasoro ni kwamba mkulima anayeutii aghalabu hurudishiwa karatasi iliyojaa Kiingereza cha maabara, vifupisho na tarakimu zisizofafanuliwa. Wakulima wa kijijini kwetu wamewahi kuniomba niwasomee vyeti vya namna hiyo, nami nimebaini kuwa kinachowatatiza si uchache wa akili bali ni lugha.

Chukua mfano wa pH, yaani kipimo cha uchachu. Tarakimu 7 huonyesha udongo usio na uchachu wala magadi. Kadiri inavyoshuka, ndivyo uchachu unavyozidi. Anayeona 5 hudhani amekaribia 6. Kumbe kila hatua ni mara kumi: udongo wa 5 una uchachu mara kumi ya ule wa 6! Kipimo kikishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyomo udongoni huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi ya mahindi, nayo fosforasi hushikwa udongoni hata mmea usiipate. Mashamba mengi ya magharibi mwa Kenya yana tatizo hili.

Mkulima asiyeelewa hayo atakimbilia DAP. Mfuko wa kilo 50 una kilo 9 za nitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Sehemu kubwa ya fosfeti hiyo itafungwa udongoni, na amonia iliyomo itazidisha uchachu msimu baada ya msimu. Alichohitaji kwanza ni chokaa ya kilimo. Mnamo 2023 serikali ilishusha bei ya mfuko wa mbolea ya ruzuku kutoka Sh3,500 hadi Sh2,500. Hata hivyo, mbolea isiyofaa ni hasara hata ikiwa rahisi.

Wapo watakaodai kuwa Kiswahili hakina msamiati wa sayansi. Dai hilo halina mashiko. Uchachu, chokaa, samadi na rutuba ni maneno yetu ya kila siku. Nitrojeni na fosforasi nayo yamekwisha kuzoeleka. Isitoshe, Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi.

Ni kweli kwamba tafsiri pekee haitoshi. Kumwambia mkulima kuwa fosforasi yake ni sehemu 8 kwa milioni ni kumpa fumbo, hata kwa Kiswahili sanifu. Cheti kinapaswa kueleza mambo matatu: kilichopatikana udongoni, maana yake kwa zao analolikuza, na mifuko mingapi ya chokaa au mbolea aitie katika kila ekari, na lini.

Maabara na idara za kilimo za kaunti ziwaite wataalamu wa lugha waketi pamoja na wanasayansi wa udongo, waandae cheti cha aina hiyo. Mkulima amelipia kipimo; kumnyima maana yake ni kumuuzia karatasi tupu.