Kuhara si Ugonjwa Mmoja

Kiswahili si maskini wa istilahi katika jambo hili. Kina kuhara, kina kuhara damu, kina kipindupindu. Ajabu ni kwamba mazungumzoni maneno hayo yote humezwa na moja la adabu: "Mtoto anaendesha." Kuanzia Diani hadi Msambweni, mama huulizwa zahanati mtoto ana nini, akajibu hivyo, na nyanya mtu akaongeza kuwa mtoto anaota meno. Maswali yakaishia hapo.

Meno hayamharishi mtoto. Katika umri huo hutambaa, hutia kila kitu kinywani, na huanza kupewa uji na maji, na bakteria hupata njia. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi saba za Afrika na Asia, Kenya ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2013, ulitaja visababishi vikuu vinne vya kuhara kukali kwa watoto wa chini ya miaka 5. Viwili kati yake ni bakteria: shigela, na aina ya ekoli itoayo sumu.

Hao wawili hawafanani. Sumu ya ekoli huufanya utumbo umwage maji, mtoto akakaukiwa. Humwokoa kwa kawaida maji ya chumvi na sukari ya pakiti, vidonge vya zinki na kuendelea kunyonya, wala si vidonge vya kuua bakteria vinunuliwavyo kiholela dukani. Shigela huvamia ukuta wa utumbo mpana, damu na kamasi zikatoka. Hapo dawa ya kuua bakteria yahitajika, tena kwa maagizo ya daktari. Basi anayesema "anaendesha" na kunyamaza ameificha habari iliyohitajiwa kuliko zote.

Sisi walimu nasi tuna neno letu la kutazamwa upya. Twafundisha kuwa maji machafu yana "wadudu". Mwanafunzi huchungulia katani, asione mbu wala kiluwiluwi, akanywa. Katika pwani hii ya miamba ya matumbawe yenye vitundu, uchafu wa choo waweza kupenya hadi kisimani, maji yakabaki maangavu vilevile. Heri tuseme bakteria, tueleze kuwa hawaonekani kwa macho.

Mwanafunzi wa gredi ya nne ambaye jioni humbeba mdogo wake mgongoni anaweza kufunzwa maswali mawili ya kumwuliza mama kabla ya kwenda zahanati: Kuna damu? Amekojoa lini?