CHUPA YA GESI KATIKA GARI

Katika barabara ya RN3, inayopita kando ya ziwa kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac, hatuoni haja ya gari kuongezewa nguvu kwa gesi ya nitrasi oksidi. Marubani wa Ujerumani waliitumia katika Vita Kuu ya Pili, lakini wao walikuwa angani.

Hata hivyo, askari wa jeshi na polisi wenye kupenda ufundi yafaa waelewe. Gesi hiyo si petroli. Ndani ya injini hutoa oksijeni, na oksijeni hiyo hudai petroli zaidi. Pampu ikiwa dhaifu, pistoni huyeyuka. Valvu za gesi na petroli sharti zifunguke pamoja, tena mafuta yakiwa yamekanyagwa mpaka mwisho.

Hofu yetu kubwa ni chupa. Joto lake likipita nyuzi 36, gesi haiwezi kubaki majimaji, na mgandamizo hupanda kwa kasi. Gari lililofungwa vioo juani Nyanza-Lac hufika hapo upesi. Chupa ifungwe kwa vyuma imara, iwe na kizibo cha usalama chenye bomba la kutolea gesi nje. Na gari lenye chupa hiyo likishika moto, askari awaondoe watu mbali kwanza: gesi hiyo haiwaki, bali huuchochea moto.