Msitupige kwa Karatasi ya Msalani

Ndugu zangu mnaoandika, nina ugomvi, na nautoa hadharani.

Mwezi uliopita tulikaa kikao cha waandishi chipukizi hapa Dar es Salaam. Nikaeleza shida yangu: laptopu yangu inakufa, na riwaya yangu ya sura kumi na mbili haijaisha. Mzee mmoja mwenye jina kwenye mambo ya vitabu akacheka. "Kijana, Abdilatif Abdalla aliandika kwenye karatasi ya msalani. Ngũgĩ naye vilevile. Wewe unalilia mashine?" Ukumbi ukapiga makofi. Nikakaa chini kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Sasa najibu.

Kwanza mjue ilivyokufa. Ilikuwa mtumba, sikatai. Betri ilivimba mpaka vitufe vikainuka, fundi wa Kariakoo akaitoa, na tangu siku ile ikawa inaishi kwa waya tu. Umeme ukikatika, aya niliyokuwa naiandika imekwenda na maji. Halafu ikafa herufi A. Jaribu kuandika Kiswahili bila A, ndugu yangu: hata "mama" humpati! Wiki tatu nilinakili A moja na kuibandika kila ilipohitajika, kama mtu anayejaza pipa kwa kijiko. Mwisho diski ikaanza kugonga, ta-ta-ta. Fundi akaniambia, "Dogo, hamisha vitu vyako leo, usingoje kesho." Nikaokoa sura tisa kwenye flashi. Ya kumi na ya kumi na moja hazikufunguka hadi leo.

Nikahamia kwenye simu. Kioo kina ufa, na yenyewe imejaa Kiingereza: naandika "kama", yenyewe inaandika "karma". Mhusika wangu ni mvuvi wa Kunduchi, karma ataijulia wapi? Siku ya nne nikaenda dukani nikanunua kaunta buku la kwaya tatu na kalamu mbili za bluu. Ndilo ninaloandikia mpaka sasa.

Kwa hiyo, mzee wangu, mimi sikungoja mashine. Sikuacha hata wiki moja. Ninachokataa ni ile fimbo yako.

Abdilatif alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?", akakaa ndani mpaka 1972. Ngũgĩ alikuwa kizuizini Kamiti mwaka 1978. Karatasi ile hawakuichagua. Waliiandikia kwa kuwa walionyimwa uhuru walinyimwa na daftari pia. Anayeifanya kuwa kipimo cha mwandishi hodari anamsifu askari jela bila kujua. Tena watu husahau nusu ya pili ya hadithi: "Sauti ya Dhiki" ilipotoka mwaka 1973 ilikuwa kitabu. Kati ya karatasi ile na kitabu kuna kazi ya kunakili, kupanga herufi na kupiga chapa. Hayo hayasemwi kwenye vikao, maana hayapigiwi makofi.

Na hapa ndipo penye uchungu wenyewe. Mzee huyu huyu ni mmoja wa waamuzi wa shindano la riwaya. Nimesoma masharti yao: mswada uchapwe kwa kompyuta, utumwe kwa baruapepe, ulioandikwa kwa mkono hautasomwa. Jamani! Yaani karatasi ya msalani ni sifa kwa marehemu na kwa wazee, lakini kaunta buku la kijana wa Mbagala halifai hata kufunguliwa?

Mtasema niende steshenari. Nimekwenda. Pale mtaani kwetu wanachapa ukurasa kwa shilingi mia tano. Kurasa 140 ni elfu sabini, na mimi tangu nimalize kidato cha nne nauza vocha na maji ya chupa kituoni. Nilichapisha kurasa sita za mfano. (Dada anayechapa alisimama katikati akauliza, "Sasa huyu mvuvi anarudi au harudi?" Huyo ndiye msomaji wangu wa kwanza, na alinilipisha elfu tatu kamili.)

Nikiri jambo moja, ila msimpelekee yule mzee. Sura ya kumi, niliyoiandika upya kwa mkono, ni nzuri kuliko ile iliyopotea. Kalamu hainipi nafasi ya kufuta ovyo, basi nafikiri kwanza. Lakini hiyo ni siri yangu mimi na daftari langu. Siyo hoja ya kunifungia mlango.

Kama shindano linataka riwaya, lipokee hata miswada ya mkono, angalau sura tatu za kwanza. Zikiwa mbovu, zitupwe. Zikiwa nzuri, mwandishi atafutiwe mashine ya kumalizia kazi. Ni gharama gani hiyo kwa watu wenye ofisi?

Sura zangu tatu nimezitoa nakala. Mwandiko unasomeka, dada wa steshenari ni shahidi. Jumatatu naziweka kwenye bahasha na kuzipeleka posta.