Jibu Limewekwa Mbele Yako: Mawaidha kwa Wafinalisti wa Fizi na Baraka

Wazazi na walimu wa Fizi, na hasa ninyi vijana wa mwaka wa sita mnaosoma Lubondja, Fizi mjini, Baraka na vijiji vya kando ya ziwa, leo nina neno nanyi kuhusu ukurasa mmoja tu wa mtihani.

Majira ya mtihani wa taifa tunaouita Leta yakikaribia, vijana wetu hukesha. Wa ualimu hukesha na pedagojia, wa biokemia hukesha na fomula, wa biashara hukesha na hesabu za vitabu. Siku ya lugha ndiyo isiyokeshewa na mtu. Kuhusu Kifaransa wanasema, "Tunakijua tangu shule ya msingi." Kuhusu Kiingereza wanasema, "Hicho ni cha bahati." Basi wanaingia chumbani wakiwa wamekwisha kujihukumu wenyewe, wanatupia jicho habari ya ufahamu ya Kiingereza, kisha wanachagua majibu kwa kubahatisha ili warudi haraka kwenye Kifaransa.

Nasema hilo ni kosa kubwa, tena la kusikitisha. Mtihani huu wa taifa, ambao nchi yetu imeufanya tangu mwaka 1967, una maswali mengi yanayompendelea mwenye vitabu. Mtoto asiyewahi kuona maabara atajibu kemia kwa kukariri. Mtoto asiyewahi kuona ramani nzuri atajibu jiografia kwa kusikia. Lakini katika ufahamu, mtunga mtihani amemwekea kila mtu habari mbele yake, wa Kinshasa na wa Lubondja sawasawa, na majibu yote yamo ndani ya mistari hiyo. Hakuna sehemu nyingine ambamo mtahiniwa anapewa jibu mkononi na kuambiwa, "Litafute." Anayeshindwa hapo hakushindwa kwa sababu ya umaskini wa shule yake peke yake, ameshindwa pia kwa sababu hakujizoeza kusoma.

Tuangalie kwa karibu jinsi kosa linavyotokea. Tuseme habari inaanza hivi: "Hardly any boats went out last night because the moon was full. The few that did came back almost empty." Swali linauliza ni nini kilitokea usiku ule, na kuna majibu manne ya kuchagua: kwamba wavuvi walifanya kazi kwa nguvu, kwamba wavuvi hutumia taa kuvutia samaki, kwamba samaki waliopatikana ni wachache, na kwamba mashua zilipotea.

Kijana asiyezoea kusoma anaona "hardly", anakumbuka "hard" aliyofundishwa kuwa ni kazi ngumu, na anachagua jibu la kwanza. Mwenzake anayejiona mjanja zaidi anachagua la pili, kwa kuwa kila mtu wa Baraka anajua kwamba ndagala huvuliwa kwa taa. Ni kweli ziwani, lakini habari haikutaja taa hata mara moja. Jibu la haki ni la tatu. Neno "hardly" linageuza sentensi nzima: karibu hakuna mashua iliyotoka. Na hata asiyelijua neno hilo angeweza kuokoka. Mwezi ukiwa umejaa, nani kati yetu huenda kuvua ndagala? Halafu sentensi ya pili inataja mashua chache zilizorudi karibu tupu. Kijana huyo angetulia, mambo aliyoyaona ufukweni tangu utotoni yangemsaidia kuelewa maandishi, na maandishi yangemzuia asiongeze yasiyoandikwa.

Hapo pana somo zima la ufahamu. Maneno makubwa kama mashua, usiku na mwezi vijana wetu wanayajua. Wanachoangukia ni viungo vidogo: "but", "although", "unless", "until", "only", "hardly", na vile vinavyorejea nyuma, "they", "which", "those". Viungo hivyo ndivyo vinavyoeleza nani alifanya nini, kwa sharti gani, na kama alifanya kweli au hakufanya. Watunga mitihani wanalijua hilo, na mitego yao huiweka hapohapo.

Najua udhuru utakaotolewa, na tuujibu mmoja mmoja.

Wa kwanza husema, "Kiingereza ni lugha ya nne kwetu." Kweli, mtoto wa Lubondja huzaliwa na Kibembe, hucheza na kufanya soko kwa Kiswahili, hufundishwa kwa Kifaransa, na Kiingereza hukutana nacho sekondari. Lakini aliyekwisha kubeba lugha tatu hawezi kudai kwamba kichwa chake hakina nafasi ya lugha ya nne. Kifaransa chenyewe ni msaada mkubwa. Tangu Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066, maelfu ya maneno ya Kifaransa yaliingia katika Kiingereza, na mengi bado yanatambulika kwa macho. Mwanafunzi wetu anayaelewa "government", "agriculture" na "population" bila kufundishwa. Awe macho tu na yale yanayofanana sura yakatofautiana maana: "attend" katika Kiingereza ni kuhudhuria wala si kungoja, na "library" ni mahali pa kuazima vitabu wala si duka la kuvinunua.

Wa pili husema, "Maneno ya Kiingereza hayana mwisho." Yana mwisho kwa anayetafuta yanayohitajika. Mwingereza Michael West, aliyefundisha katika jimbo la Bengali miaka ya 1920 na kuona watoto wenye vitabu vichache kama wetu, alishikilia kwamba waanze na kusoma kabla ya kuhangaika na kuzungumza. Mwaka 1953 alichapisha orodha ya maneno 2,000 hivi yanayotumika zaidi, na maneno ya namna hiyo hufunika karibu asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Redio ya Sauti ya Amerika nayo, ilipoanzisha matangazo ya Kiingereza chepesi mwaka 1959, ilijifunga kwa maneno 1,500 hivi na bado ikaeleza habari za dunia. Piga hesabu mwenyewe: maneno matano kwa siku ni maneno 2,000 kwa siku 400. Anayeanza akiwa mwaka wa nne atamaliza kabla ya kufika wa sita.

Wa tatu husema, "Hatuna vitabu." Huu ndio udhuru wenye uzito, maana vita na kuhamahama vimeziacha shule nyingi za Fizi na ubao na chaki tu. Lakini ufahamu hauhitaji rafu ya vitabu. Unahitaji habari fupi moja isomwe vizuri. Mwalimu aandike ubaoni mistari kumi na miwili siku ya Jumatatu, na kila mmoja ainakili. Jumanne isomwe kwa sauti, na kila kiungo kidogo kipigiwe mstari: huyu "they" ni nani? Hiki "which" ni kipi? Jumatano kila mwanafunzi aisimulie kwa Kiswahili bila kutazama daftari. Alhamisi wanafunzi wenyewe watunge maswali, kila swali na majibu manne, moja la haki na matatu ya kupotosha. Ijumaa wabadilishane maswali hayo, na kila anayejibu aoneshe kwa kidole mstari uliompa jibu. Ikiwa mwaka wa masomo utawapa majuma thelathini tu, hizo ni habari thelathini zilizosomwa mpaka mfupa. Haba na haba hujaza kibaba.

Naikazia ile siku ya Alhamisi. Aliyetunga jibu la kupotosha kwa mkono wake mwenyewe halaghaiwi kwa urahisi na la mwenzake. Atagundua kwamba mitego haizidi aina chache: jibu lililo kweli duniani lakini halimo katika habari, jibu lililoazima maneno ya habari na kugeuza maana yake, jibu lililo sahihi kwa mstari mmoja huku swali likiuliza juu ya habari nzima, na jibu linalosema "wote" pale habari iliposema "baadhi".

Naikazia vilevile Jumatano, siku ya Kiswahili. Wapo walimu wanaoona aibu Kiswahili kisikike katika saa ya Kiingereza. Lakini kusoma kwa makini ni ustadi mmoja, na asiyeweza kueleza kwa lugha yake alichosoma hawezi kukieleza kwa lugha ya kigeni. Nyumba nyingi za Fizi zina Biblia ya Kiswahili. Ukiazima ya Kiingereza chepesi, weka mbili hizo sambamba na usome habari ya mwana mpotevu, Luka 15, mstari kwa mstari. Maana unaijua tangu zamani, kwa hiyo jicho lina nafasi ya kutazama lugha inavyoibeba. Na ndugu zetu waliovuka ziwa mwaka 1996, wakakaa kambi za Nyarugusu na Lugufu huko Kigoma, walirudi Baraka na Kiswahili cha kuandika kilicho safi. Wao wawe walimu wa Jumatano hiyo.

Sasa siku yenyewe ya mtihani. Usianze na maswali. Soma habari yote mara ya kwanza upate kujua ni ya nani na inahusu nini. Isome mara ya pili taratibu, ukivitia alama viungo vile vidogo. Ndipo uende kwenye maswali, na kwa kila jibu utafute mstari wake. Usipouona, jibu hilo liache hata likikupendeza. Ukiulizwa maana ya neno, ondoa neno lile katika sentensi, weka jibu unalodhani mahali pake, kisha usome tena sentensi nzima. Ukiulizwa kichwa cha habari, kataa kilicho kidogo kuliko habari na kataa kilicho kikubwa kuliko habari. Neno gumu lisikusimamishe: soma lililotangulia na lililofuata, na mara nyingi utagundua linakoelekea.

Hapa sina budi kugusa jambo linalotia aibu. Kila msimu husikika watu wanaouza majibu, na wapo wazazi wanaouza mbuzi ili mtoto apate karatasi ya majibu iliyoandikwa usiku. Mzazi mpenzi, umenunua nini? Mtihani hutolewa kwa namba mbalimbali za mfululizo, na majibu ya karatasi ya jirani hayatafaa kwa ya mwanao. Tufanye hata yangefaa. Mwanao atafika chuo kikuu Bukavu, atafungua kitabu cha udaktari au cha kilimo, na hapo hakuna anayeuza majibu. Asilimia 50 iliyonunuliwa hudumu mpaka ile siku ya kumwagiana poda na kushangilia mtaani. Mwezi wa Oktoba haifiki.

Na tusidhani Kiingereza kinaishia kwenye mtihani. Tarehe 8 Aprili 2022 nchi yetu ilitia saini mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Julai mwaka uleule ikawa mwanachama kamili. Mkataba ulioiunda Jumuiya hiyo mwaka 1999 ulikitaja Kiingereza kuwa lugha yake rasmi na Kiswahili kuwa lugha ya kuwaunganisha watu wake. Kijana wa Fizi tayari anayo hiyo ya pili, tena anaizungumza kila siku sokoni. Akivuka kwenda kusoma Kigoma, Kampala au Nairobi, atakuta mihadhara, fomu na mitihani kwa Kiingereza. Wala asidhani wenyeji wa huko wanazaliwa nacho: Mtanzania husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha sekondari humgeukia kwa Kiingereza, naye hutoka jasho lilelile. Kinachomvusha ni mazoezi.

Wazazi, sehemu yenu ni ndogo lakini haina mbadala. Mpeni mtoto saa moja ya mwanga kila siku. Nawataja hasa mabinti: binti anayeteka maji alfajiri, akitoka shuleni anatwanga sombe na kulea wadogo zake, atasoma saa ngapi? Kaka yake naye ana mikono. Gaweni kazi, na ile saa iliyopatikana isiguswe na mtu, hata mgeni akija.

Walimu, najua mshahara huchelewa na safari ya kushuka Baraka kuufuata ni ndefu. Hata hivyo mistari kumi na miwili ubaoni kwa juma moja inawezekana, na wanafunzi wa mwaka wa nne mtakaoanza nao leo ndio watakaowatetea kesho.

Nanyi wafinalisti, mliobakiwa na miezi michache, msiseme mmechelewa. Tafuteni wenzenu watatu, chukueni karatasi za Kiingereza za miaka iliyopita, na kila jioni fanyeni habari moja. Msikariri majibu yake, maana hayatarudi. Bishaneni juu ya kila jibu mpaka aliyekosea aoneshwe mstari uliomkosesha. Anzeni leo jioni.