Fizi na Baraka: Jino lililong'oka huokolewa njiani, kabla ya hospitali

Mtu akianguka na pikipiki kati ya Baraka na Fizi, wanaomsaidia hutazama kwanza kichwa na miguu. Jino lililodondoka huachwa vumbini.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba watu bilioni 1 ulimwenguni wamepata majeraha ya meno. Kwa watoto hadi miaka 12, ni karibu mmoja kati ya 5. Sababu kubwa ni kuanguka, ajali za barabarani na mapigano, na meno ya mbele ya juu ndiyo huumia zaidi. Kofia ya pikipiki isiyofunika kidevu haiyalindi.

Jino la ukubwani lililong'oka zima linaweza kurudishwa na kushika tena. Lakini likikauka, ngozi hai ya mzizi hufa, na baada ya saa moja matumaini hupungua sana. Kwa majeruhi anayeteremka kutoka Minembwe au Lulenge, saa hiyo huisha angali njiani.

Ndiyo maana msaada wa kwanza uko mikononi mwa mwalimu, mzazi na mwanamotari. Jino lishikwe upande wa kutafunia, lisisuguliwe, lisuuzwe haraka kwa maji safi na kurudishwa kwenye tundu lake, kisha majeruhi aume kitambaa. Ikishindikana, libebwe ndani ya maziwa au mate. Jino la utotoni halirudishwi.

Mafunzo hayo, shuleni na kwenye vituo vya pikipiki, hayana haja ya kungoja barabara itengenezwe.